Ziwa Moja, Serikali Mbili: Mazungumzo Juu ya Uvuvi wa Mjini Mwanza

 Wasikilizaji wapenzi, jambo nililokusudia kuliweka mbele yenu jioni ya leo si geni machoni penu, ila ni katika yale mambo ambayo, kwa kuzoeleka kwake, watu huyapita kila siku wasiyaulize.

Jambo lenyewe ni uvuvi wa ziwani unaofanyika pembeni mwa mji, na swali langu ni hili: je, ni nani aliyebeba dhima ya kumtunza mvuvi wa mjini, na ziwa lake, na samaki wake? Ni halmashauri ya mji, inayomtoza ushuru mwaloni, yaani pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kupakuliwa, au ni serikali kuu, iliyoshika sheria ya uvuvi? Jibu langu nalisema mapema, ili kila nitakalolieleza baadaye mlipime kwalo: dhima ni ya wote wawili, na mvuvi hapati nafuu ya kweli ila pale wawili hao wanapoandikiana nani afanye nini, na sehemu ya fedha inayotoka mwaloni ikarejea mwaloni.

Nimeuchagua mji wa Mwanza uwe mfano wetu, si kwa kuwa miji mingine haina maziwa, la hasha, kwani Kigoma wana Tanganyika yao, na Bukoba na Musoma wanashiriki na Mwanza ziwa lile lile la Victoria. Bali kwa sababu Mwanza ni mji uliojengwa juu ya majabali yanayoingia majini, ambao watu wake hunywa maji ya ziwa, hula samaki wa ziwa, husafiri kwa meli za ziwa, na maelfu kwa maelfu yao hupata riziki yao ziwani. Ziwa lenyewe, kama mlivyosoma shuleni, lina eneo lipatalo kilomita za mraba 68,800, nalo ni milki ya nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya, na katika hizo Tanzania ndiyo iliyojaaliwa fungu kubwa kuliko wenzake, takriban nusu ya ziwa zima. Lakini pamoja na upana wote huo kina chake si kirefu, kwani hata pale penye kina kikubwa kabisa hapafiki mita 100. Likumbukeni hilo, maana huko mbele nitazungumza juu ya uchafu, na ziwa pana lenye kina kifupi halina pa kuuficha uchafu linaotiwa.

Katika maji hayo hutoka samaki wa aina nyingi, ila watatu ndio walioushika uchumi wa mji. Wa kwanza ni sangara, ambaye hakuwa mwenyeji wa ziwa hili, bali alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akazaana, akawala furu, samaki wadogo wenyeji, kwa wingi wa ajabu, kisha akawa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo, hata viwanda vya kuchakata minofu yake vikaanza kusimama Mwanza miaka ya mwanzo ya 1990. Wa pili ni sato, kitoweo cha heshima, anayewekwa mbele ya mgeni. Wa tatu ni dagaa, mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa kazi, kwa kuwa ndiye mboga ya mwenye kipato kidogo kuanzia Mwanza mpaka pwani. Nendeni soko la Mwaloni, pale Kirumba, mtaona magunia ya dagaa na samaki wakavu yakipakiwa kwenda miji yetu ya bara na pwani, na mengine yakivuka mipaka kwenda Burundi, Rwanda na Kongo, ambako wafanyabiashara wake huja wenyewe Mwanza, wakapatana bei na wenyeji kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Haya, tukiisha kuujua mji na samaki wake, sasa tuje kwenye serikali.

Sheria ya Uvuvi inayotumika, ambayo ni Namba 22 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, ni kazi ya serikali kuu kwa mkono wa wizara inayohusika na uvuvi. Wizara ndiyo inayosema wavu uwe na matundu ya kiasi gani, zana zipi ni haramu, na samaki wa kimo gani asivuliwe. Ndiyo inayosimamia ubora wa samaki wanaokwenda ng'ambo. Na taasisi yake ya utafiti, TAFIRI, ndiyo inayochunguza akiba ya samaki iliyomo majini. Kwa upande wa pili, halmashauri ndiyo inayopanga matumizi ya ardhi ya ufukweni, inayoendesha soko, inayomkatia mvuvi mdogo leseni yake, inayokusanya ushuru, na inayozoa taka. Na yule afisa uvuvi mnayemwona mwaloni asubuhi na mapema, daftari mkononi, ni mtumishi wa halmashauri.

Tazameni sasa hali ya afisa huyo. Maagizo yake ya kila siku hutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri, na halmashauri yenyewe yaangaliwa na ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ile tuliyozoea kuiita TAMISEMI. Lakini sheria anayoitekeleza ni ya wizara, na hesabu za samaki anazoandika zinangojewa na wizara. Mkurugenzi akimwambia ashughulikie makusanyo, doria italala. Wizara ikimwita kwenye doria, makusanyo yatalala. Je, ndugu zangu, amtii nani kwanza? Yeye hana kosa, wala mkurugenzi hana kosa, wala wizara haina kosa. Kosa, kama lipo, ni la kuwaacha watu wema wafanye kazi pasipo mapatano yaliyo wazi.

Hali hii ina historia yake. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa katika Tanzania Bara, na shughuli zake zikashikwa na mikoa. Halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, ambazo ndizo msingi hata leo. Tangu mwaka 1998 ikafuatwa sera ya kuyapeleka madaraka kwa wananchi, na wataalamu wa kilimo, mifugo na uvuvi wakawa chini ya halmashauri. Nia ilikuwa njema kabisa, kwani nani asiyetaka uamuzi ukae karibu na mtu unayemhusu? Lakini samaki hawatambui mpaka wa kata wala wa manispaa. Fauka ya hayo, Mwanza iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2000 ikagawanywa mwaka 2012, Ilemela ikawa manispaa yenye halmashauri yake, na hivyo ufukwe mmoja wa mji mmoja ukawa na halmashauri mbili, mbali ya wizara.

Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini neno hilo lisitufanye tudhani kwamba dawa ni kumtupa mmoja majini. Jahazi lina nahodha, lina sarahangi, lina mabaharia na mwenye kuteka maji ya ngama, na halizami kwa wingi wao, maadamu kila mmoja anajua pa kusimama upepo unapogeuka. Tusiombe basi serikali moja imeze nyingine. Tuombe kila moja ijue pa kusimama, na mvuvi naye aambiwe, ili ajue amwulize nani.

Nikiyasema haya kwa ujumla yamkini mtu akasema ni maneno ya vitabuni. Kwa hiyo nitatoa mifano, na mfano wa kwanza ni dagaa, tena dagaa wa kuanika.

Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za umeme wa jua, ambazo huelea juu ya maji na kumvuta dagaa kuja kwenye mwanga, naye mvuvi akamzungushia wavu. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi umeenea kila mahali na dagaa hana sababu ya kuifuata taa. Alfajiri mitumbwi inarudi, na akina mama wachuuzi wamekwisha kupanga ndoo zao kwa mstari, kwani dagaa mbichi huuzwa kwa ndoo, na bei ya ndoo yategemea usiku ulikuwaje. Mama akiisha kulipa hujitwika, akaenda kuanika; na hapo, wasikilizaji wapenzi, ndipo penye kisa chetu.

Akianika juu ya mchanga, dagaa hushika mchanga, kuku na mbwa hupita juu yake, na mvua ikinyesha huroweka vyote pamoja. Wakati wa masika jua laweza kujificha siku mbili mfululizo, dagaa akageuka rangi na kutoa harufu, na mama aliyenunua chakula cha watu akalazimika kukiuza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei isiyorudisha hata mtaji. Lakini akianika juu ya kichanja, yaani wavu uliotandazwa juu ya nguzo kwa kimo cha kiuno, upepo hupita chini na juu, dagaa hukauka upesi, mchanga haumfikii, na wingu likitanda hufunikwa kwa turubai. Dagaa huyo hung'aa kama fedha, na mnunuzi hubishana na mama kidogo sana katika bei.

Akina mama hawa hawahitaji kuambiwa faida ya kichanja, wanaijua kuliko sisi. Basi mbona wengi wangali wakianika chini? Kwa sababu kichanja chataka vitu vitatu, na vitatu hivyo havikai katika ofisi moja. Chataka uwanja, na uwanja wa ufukweni hugawiwa na halmashauri. Mama ambaye hana hakika ya mahali pake, ambaye kesho yaweza kuja amri ya kung'oa nguzo zake ili pajengwe kitu kingine, hatatia akiba yake ardhini. Chataka fedha ya nguzo na nyavu, na hapa sheria imekwisha kufungua mlango, kwani kila halmashauri imewajibishwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na chataka maarifa ya usafi na ya ubora, ambayo ni kazi ya wizara na ya chuo chake cha uvuvi kilichoko pale pale Nyegezi, ndani ya mji. Uwanja bila ya mkopo ni mchanga mtupu; mkopo bila ya uwanja ni deni; na maarifa bila ya vyote viwili ni kumtesa mtu kwa kumwonyesha asichoweza kukifikia. Lakini mkiviweka vitatu hivyo pamoja, mama yule yule, kwa dagaa wale wale, atapata kisomo cha watoto wake.

Huo ndio ushirikiano ninaouzungumzia. Haupimwi kwa mikutano wala kwa mikono iliyoshikana mbele ya kamera, hupimwa mwaloni.

Mfano wa pili nautoa katika historia yetu wenyewe, ili tujue kwamba jambo hili lawezekana, kwa kuwa limekwisha kuwezekana. Mwaka 1999, baada ya kuenea habari kwamba walikuwapo wavuvi waliotia sumu majini ili wapate samaki kwa wepesi, soko la Ulaya lilifungwa kwa samaki wa Ziwa Victoria. Walioumia hawakuwa wenye viwanda peke yao. Aliumia mwenye mtumbwi ambaye sangara wake hakununuliwa, na kibarua wa kuparua magamba, na mwuza barafu, na mama ntilie aliyewapikia wote hao. Je, nani angeweza kuliponya donda lile? Halmashauri haina uwezo wa kwenda kuzungumza na Ulaya, wala wizara haina macho ya kumwona kila mtu anayeingia majini saa nane za usiku. Ikabidi serikali kuu isimamishe ukaguzi na upimaji wa kuaminika, kazi ambayo leo ina maabara yake Nyegezi; ikabidi mialo isafishwe na kupangwa; na wavuvi wenyewe wakaundiwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali, vile tunavyoviita BMU, vilivyoanza ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1990, ili anayekaa mwaloni awe mlinzi wa mwalo wake. Mwaka uliofuata mlango ulifunguliwa tena. Nasema hivi ili msikilizaji yeyote aliyekata tamaa ajue kwamba serikali mbili na wavuvi, zikilazimishwa na shida, ziliwahi kukaa meza moja. Basi mbona tungoje shida nyingine ndipo tukae?

Sasa nije kwenye mfano wa tatu, nao ndio mzito, kwa sababu wahusika wake ni sisi sote tunaokaa mjini. Ni uchafu wa maji.

Mto Mirongo hupita katikati ya mji wa Mwanza na kuingia ziwani, na kila mvua kubwa inaponyesha hubeba chupa, mifuko, mafuta ya magereji na maji ya vyoo, ukavitua vyote ufukweni. Fauka ya hayo, nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya milima ya mawe, mahali ambapo shimo la choo halichimbiki, na maji ya choo kisichochimbika hushuka bondeni kwa sheria ile ile inayoshusha mvua. Mamlaka ya maji safi na majitaka imekwisha kupitisha mabomba madogo ya majitaka katika baadhi ya milima hiyo, jambo la kushukuriwa sana. Lakini bomba haliwezi kupita pasipo njia, na njia kati ya nyumba na nyumba hupatikana kwa hekima ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti kukaa na wenye nyumba wakaridhiana.

Mtaniuliza, haya yanahusu nini uvuvi? Yanahusu sana. Dume la sato huchimba kiota chake chini, katika maji mafupi ya pembeni, na jike huyachukua mayai akayaatamia kinywani mwake mpaka vifaranga viweze kuogelea. Maji hayo mafupi ya pembeni ndiyo yale yanayopokea kwanza uchafu wa mji. Kwa hiyo taka tuitupayo mtaroni huwahi kufika kwenye uzazi wa samaki kabla ya kufika pengine popote. Na rutuba ya uchafu huo ndiyo inayoyalisha magugu maji, yaliyoingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuifunga mialo mizima, hata wataalamu wakalazimika kuleta mbawakavu wa kuyala. Mbawakavu hula jani, lakini hawazoi taka. Kazi ya taka ni ya halmashauri, na kazi ya halmashauri huanzia kwetu sisi wenye nyumba. Mji unaomtoza mvuvi ushuru kwa mkono wa kulia huku ukimwagia uchafu kwenye mazalio ya samaki kwa mkono wa kushoto, unakula mbegu yake wenyewe.

Natumai mnaniandama. Tumezungumza juu ya dagaa na uwanja wa kuanikia, tumezungumza juu ya soko lililofungwa likafunguliwa, tumezungumza juu ya maji machafu. Limebaki jambo la ulinzi wa sheria, ambalo ndilo huleta uchungu mwingi.

Kanuni zinakataza sangara aliye chini ya sentimita 50, zinakataza kokoro, zinakataza nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, na bila ya shaka zinakataza sumu. Sababu zake ni za haki: kokoro linalokokotwa ufukweni huzoa wazazi na vifaranga pamoja, na sangara avuliwaye kabla ya kuzaa ameondoka na kizazi chake. Hakuna mvuvi mwenye akili anayebisha. Lakini sheria njema inaweza kutekelezwa kwa njia inayowafanya watu waichukie. Mwaka 2018 ilifanyika operesheni kubwa ya kupambana na uvuvi haramu ziwani, nyavu nyingi zikachomwa moto, na malalamiko juu ya jinsi ilivyoendeshwa yakafika hata Bungeni. Sipendi kuirejea hukumu ya mambo yale. Nataka tuuchukue ushauri uliomo ndani yake. Doria inayotoka mbali ikaja kwa kishindo humkamata aliye karibu na maji, ambaye aghalabu ni kibarua wa kuvuta wavu, ilhali mwenye wavu yuko mjini na mwuza wavu yuko dukani. Bali BMU ya mwalo humjua mwenye kokoro kwa jina, na siku anazotoka, na pahali anapolificha. Kinachoikosesha nguvu ni mafuta ya boti, na hofu ya kumsema jirani pasipo ulinzi nyuma yake. Mafuta hayo yatoke wapi? Yatoke katika ushuru ule ule. Ulinzi huo utoke wapi? Utoke serikali kuu, yenye polisi na mahakama. Mwajionea hapa wenyewe: hata katika kukamata kokoro moja, mmoja hatoshi.

Tena nawaelekeza macho Kigoma kidogo. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa upande wa Tanzania, kufuatana na mapatano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo, ili samaki wapate kuzaa. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na halmashauri moja, kwa kuwa ziwa ni la mataifa. Lakini uzito wake huangukia mwaloni, kwa mvuvi aliyefunga mtumbwi, na kwa halmashauri ambayo samaki wasipotoka ushuru nao hautoki. Ndiyo sababu nasema, serikali kuu inapofunga ziwa kwa maslahi ya kesho, haina budi kuketi mapema na halmashauri, wajue pamoja wale wanaokaa bila kazi miezi mitatu watakula nini, na mkopo wa nani usogezwe mbele.

Wala nisiwe mchache wa shukrani. Mwanzoni mwa mwaka 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo nafuu, na vizimba hivyo vimewapa vijana wengi njia ya kuvuna sato pasipo kugusa akiba ya ziwa. Hapa pia naomba mikono miwili ishikane. Boti na kizimba vimetoka serikali kuu. Lakini kizimba kikiwekwa mahali penye maji machafu sato watakufa, kikiwekwa kwenye njia ya mitumbwi patakuwa na ugomvi, na kikiwa hakina mwalo wa kupakulia chakula na samaki, faida itaishia kwa wachukuzi. Ni halmashauri, pamoja na wataalamu wa utafiti na wenye mwalo, ndio wanaoweza kusema hapa panafaa na pale hapafai. Na waseme kabla kizimba hakijatiwa majini.

Basi wasikilizaji wapenzi, wakati wetu unakaribia kwisha, nami nayakusanya niliyoyatawanya. Nimesema mambo matatu. La kwanza, wizara na halmashauri ziandikiane kwa kila mwalo: nani ni mwenye doria, nani ni mwenye usafi, nani ni mwenye hesabu za samaki, na maandishi hayo yabandikwe mwaloni, kwa Kiswahili chepesi, ili mvuvi ayasome. La pili, katika kila ushuru unaokusanywa mwaloni, fungu lililokubaliwa lirudi pale pale, likawe choo, likawe maji ya bomba, likawe taa, likawe vichanja, likawe mafuta ya boti ya doria. Na hesabu yake isomwe hadharani. La tatu, BMU ikae mezani tangu siku ya kwanza, isiitwe siku ya mwisho kuambiwa yaliyokwisha kuamuliwa.

Yote hayo hayahitaji sheria mpya. Sheria tunazo, ofisi tunazo, vyuo tunavyo, na wavuvi hodari tunao. Yanahitaji watu wa kuuliza, na hao ni ninyi. Mkutano wa mtaa unapoitishwa, tafadhalini msiuache kwa wazee peke yao. Simameni kwa adabu, mumwulize Mheshimiwa Diwani: ushuru wa mwalo wetu mwaka uliopita ulikuwa kiasi gani, na kiasi gani kilirudi mwaloni? Mwulizeni Bwana Afisa Uvuvi: doria ya mwisho ilifanyika lini, na ilizuiwa na nini isifanyike tena? Waulizeni akina mama waanikao dagaa: uwanja wenu umeandikwa wapi? Na wewe kijana unayesikiliza kwa simu yako, umeomba lile fungu la asilimia 4 lililo haki yako, au umeliacha likaombwa na wengine? Maswali hayo yakiulizwa mwezi baada ya mwezi, kwa sauti ya upole isiyochoka, ofisi mbili zitajikuta zimeanza kuandikiana, kwa sababu hakuna mtumishi anayependa kuulizwa hadharani jambo ambalo jibu lake liko katika ofisi ya mwenziwe.

 Mwenyezi Mungu awabariki wavuvi wetu wanaotoka usiku huu, awarudishe salama kwa jamaa zao na mitumbwi iliyojaa, na awape watawala wetu, wa mitaa na wa taifa, moyo wa kusikilizana.